Hatua ya Mwisho ya Kenge

Mbele ya wazee wa nyanda za juu, mbele ya mlima Marapi unaofuka moshi kwa niaba yetu sote, na mbele ya vizazi vitakavyokuja, mimi Afrinaldi wa ukoo wa Caniago natangaza rasmi kwamba mtindo wa Kenge, ulio mkongwe na wa siri kupita mitindo yote ya silek, sanaa ya kupigana ya watu wetu, una umri wa miaka mia nne na miwili.

Ukiondoa ile mia nne, hesabu ni sahihi kabisa. Ulizaliwa Jumanne moja wakati wa mapumziko, katika choo cha tatu cha bweni letu, kile ambacho mlango wake haufungiki, na mama yake alikuwa hasira.

Lakini kabla ya hasira, mtazame kwanza Syafwan.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu umelalia bwawa la samaki nyuma ya surau, nyumba ya sala ambako wavulana wa kijiji chetu, Koto Limpato, wamejifunza Kurani na kupigana tangu enzi za mababu. Juu ya ukuta wa bwawa, ukuta mwembamba kama benchi la darasani, kijana wa kilo themanini amelala kifudifudi. Anasogeza mkono wa kulia na mguu wa kushoto, anatoa ulimi. Anasogeza mkono wa kushoto na mguu wa kulia, anaurudisha. Samaki wamekusanyika chini yake wakidhani ni chakula. Kwenye madirisha ya bweni wavulana thelathini na wanne wameng'ata mito, machozi yanawatiririka, mmoja amekwisha kuanguka chini ya kitanda. Na mimi, mwandishi wa yote hayo, nimesimama katikati yao mikono nimeikunja kifuani kama profesa.

Sijawahi kufurahi namna ile tena. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na dunia yote ilikuwa inatambaa kwa amri yangu.

Syafwan alikuwa ametoka Jakarta. Mama yake ni wa kwetu, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo alipoanza kuota ndevu wakamleta kwenye shule yetu ya bweni apate dini na adabu za kwao. Alikuja na masanduku mawili na mkanda mwekundu wa taekwondo, ameukunja ndani ya karatasi laini kama vazi la marehemu mfalme. Alikuwa mtu mwema, na huo ndio ugumu wa hadithi hii. Angekuwa mbaya ningeisimulia kwa raha zaidi. Alhamisi ya kwanza alitutazama tukifanya mazoezi na Babu Rajo, mwalimu wetu wa silek, akatazama dakika kumi nzima kwa heshima, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ngoma nzuri sana. Na kupigana mnaanza saa ngapi?"

Nakubali kwamba silek, kwa mtu asiyeijua, inafanana na watu wawili waliodondosha sindano kwenye nyasi. Wanazungukana, wanainama, wanapapasa hewa, suruali zao pana zinapiga upepo pah, pah. Halafu ghafla mmoja yuko chini, na hajui amefikaje huko. Lakini kuambiwa ni ngoma! Kila mtoto wa kwetu anajua asili yake kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mfalme wetu wa kwanza alikuwa na walinzi wanne. Mmoja alitoka Champa, akipigana kama chui-milia, tumbo karibu na ardhi, kisha makucha. Mwingine alitoka Siam, akipigana kama paka, ambaye huangushwa lakini haanguki. Yupo aliyekuwa kama mbuzi mwitu, kuruka na kichwa mbele, na yupo aliyekuwa kama mbwa wa kuwinda, akishika haachi. Mshauri wa mfalme akaitazama mienendo yao, akaisuka na hatua za watu wetu, na humo ikatoka mitindo yote. Kila kijiji kina wake, na kila kijiji kinaapa kwamba wake ndio wa kwanza. Wa bondeni hupigana wakiwa wima kama waungwana. Sisi wa milimani hupigana chinichini, maana ukisimama wima kwenye tope letu humhitaji adui.

Basi nilikaa kwenye kile choo cha tatu, mguu mmoja umezuia mlango, nikawaza: walinzi wanne, wanyama wanne. Nani atanizuia kuongeza wa tano?

Kazi ilinichukua siku tatu. Nilichana karatasi nene ya mwisho katika daftari la hesabu, nikaizeesha kwa mbinu ambazo sitazitaja nisije nikaharibu wadogo zangu, nikaiandika kwa herufi za Kiarabu za kizamani, ambazo ndizo somo pekee nililokuwa nikiongoza. Hatua kumi na mbili za Kenge. Kutambaa ukutani. Kujifanya gogo. Kila hatua iende na ulimi. Mwishoni ilibaki nafasi tupu, nikaijaza na hatua ya kumi na mbili, Kugeuka kwa Mkia, na chini yake nikaweka mnyororo wa walimu, maana karatasi ya silek isiyo na mnyororo haina thamani zaidi ya ganda la embe. Aliyefundisha, na aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo, mpaka kwa mlinzi wa tano. Nilihitaji majina manane. Saba niliyaokota karibu, nikayavika Tuanku na Pandeka, vyeo vya masheikh na mabingwa wa zamani. La nane, lile la mtu aliyekuwa wa mwisho kuushika mtindo, nikaweka Kari Bandaro. Nilimchagua kwa sababu moja ya kitaalamu. Alikuwa marehemu, na marehemu hawaji kulalamika.

Alikuwa pia mwalimu wa Babu Rajo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sisi hatuelezani. Inaaminika kwetu kwamba kila mwalimu wa silek huficha hatua moja. Anakupa zote isipokuwa ya mwisho, kama akiba, siku ukimgeuka. Anaitoa akikaribia kufa, na siku hiyo ndiyo elimu yako inafungwa. Kari Bandaro alipokwenda ng'ambo, nchi ya Malaya, kutafuta maisha, kama wanaume wetu wanavyokwenda, alimwambia mwanafunzi wake kijana, "Nikirudi tutamalizia." Akafa hukohuko kwa homa. Rajo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilipomjua mimi alikuwa na sabini na minne, meno mawili ya mbele, magoti ya chuma, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumuuliza habari za kumalizia.

Tulijua tu kwamba kila mwaka, kwenye sherehe za baada ya mavuno, walimu wakongwe hucheza mwisho, na kila mwaka Babu Rajo hucheza na Sutan Basa wa Lubuk Batuang, bingwa wa mtindo wa Chui-milia. Si vita, ni maonyesho ya heshima. Lakini kwa miaka thelathini yalikuwa yakiishia palepale. Sutan anaushika mkono wa Babu, anaukunja nyuma, anamshusha, na Babu anagonga ardhi mara mbili kwa kiganja. Watu wanapiga makofi. Babu anatabasamu. Ukikaa karibu unaona kwamba meno yale mawili yanatabasamu peke yao.

Nilijua yote hayo, na bado niliandika jina lile. Kwa sababu lilikaa vizuri kwenye mstari.

Nikampa Syafwan karatasi kama siri ya ukoo, naye akaanza kutambaa kila alfajiri. Jumamosi ya wiki ya pili nilimkuta mlangoni mwa bweni amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kwapani jogoo hai, mkononi furushi.

"Wewe, unakwenda wapi na jogoo?"

"Kwa Babu Rajo. Kuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya Kenge, Naldi! Si ndiyo desturi yenu? Nimeisikia jana tu, kwamba mtu haanzi mtindo mwingine mwalimu wake hajamruhusu. Nimeleta vyote, kisu, sindano na uzi, pilipili, kitambaa cheupe." Akapunguza sauti. "Karatasi nimeikunja ndani ya kitambaa."

"Mpe jogoo tu," nikasema. "Babu anapenda sana jogoo. Karatasi niachie mimi."

"Ndugu yangu, bila karatasi nitamwambia nini? Kwamba naomba ruhusa ya kutambaa?"

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo, kwamba mgeni atafuata desturi yetu barabara kuliko sisi wenyeji. Mvulana yeyote wa kijijini angejifunza kwa kujificha. Huyu alikwenda na jogoo.

Nikamfuata. Babu Rajo alikuwa ameketi kwenye ngazi za surau, anashona mkeka. Alipokea kisu, akapokea pilipili, akamsifu jogoo. Kisha akaifungua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaanza kusoma huku midomo inacheza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake. Nilikuwa hata nimejiandaa kwa kofi. Alipofika chini aliacha kusoma, akaweka kidole gumba juu ya jina la nane, akakipitisha taratibu kulia kwenda kushoto, mara moja, mara mbili, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha.

"Mmeipata wapi hii?"

Syafwan akanitazama kwa macho yaliyojaa shukrani. "Naldi ndiye aliyeipata, Babu."

"Naldi?"

Hapo ndipo nafasi yangu ya kusema kweli ilipokuwa. Ilikuwa pana kama lango la shule.

"Kwenye boriti, Babu," nikasema. "Ya ghala la mpunga la bibi."

Kesho yake asubuhi wavulana thelathini na wanne walipanga foleni madirishani, mito tayari. Ukungu ukapanda kidogo. Juu ya ukuta wa bwawa palikuwa na kenge wawili. Wa nyuma alikuwa na kilo themanini. Wa mbele alikuwa na miaka sabini na minne, na ulimi wake ulikuwa nje.

Hakuna aliyecheka. Mmoja baada ya mwingine wakarudi vitandani, wakajidai wanatafuta viatu.

Wiki tatu zilizofuata Babu Rajo alirudi ujana mbele ya macho yetu, na hilo ndilo lililoniua. Alikuja mazoezini anaimba. Alimtania kila mtu. "Nyanyueni magoti, enyi mabibi harusi!" Aliruka mfereji ambao zamani aliuzunguka. Habari ikatoka: Babu wa Koto Limpato amepata hatua iliyofichwa. Wavulana waliokuwa wameacha silek wakarudi, wakaja na wadogo zao. Uwanja wetu, uliokuwa na watu saba siku ya jua, ukawa na arobaini siku ya mvua. Na Syafwan, aliyekuwa akilala na mkanda wake mwekundu, akautumia kufungia furushi la nguo chafu.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilianza na ulimi, nikiona kwamba angalau hapo naweza kuokoa heshima ya nyanda za juu.

"Babu, mimi naona ulimi ni wa wanafunzi tu. Mtu mzima si lazima."

"Imeandikwa kila hatua iende nao."

"Labda aliyeandika alikuwa amechoka."

"Usimdharau marehemu, wewe mtoto. Ulimi ukiwa nje huwezi kukaza meno. Usipokaza meno, shingo inalegea. Shingo ikilegea, mabega yanafuata. Umeona? Mzee alijua." Akanigonga kifuani kwa vidole viwili, macho yanang'aa. "Unajua, Naldi, nilikuwa nimeanza kumchukia."

"Nani, Babu?"

"Mwalimu wangu. Miaka hamsini na mmoja! Kila Sutan akinibana nilikuwa nasema moyoni, yule mzee angenimalizia. Aliniona mimi ni mtu wa kumgeuka? Mimi, niliyembebea mizigo?" Akatazama bwawa. "Kumbe alinikumbuka. Aliandika, akaiacha palipo salama, ikanichelewa tu."

"Babu, na kama hiyo karatasi..."

"Kama hiyo karatasi nini?"

Alikuwa amenigeukia na uso wote, uso wa mtu aliyepokea barua.

"Kama ingeloa," nikasema. "Uiweke mahali pakavu."

Siku ya sherehe ikafika. Mashamba yalikuwa yamevunwa, na katikati ya shamba kubwa kuliko yote, tope la kufika kifundoni, uwanja ulikuwa umewekewa mianzi kuuzunguka. Vijiji vitano! Magongo ya shaba yanapigwa kwa fimbo, filimbi zinalia, watoto wamepanda juu ya kila kilichopandika, akina mama wa jikoni shuleni kwetu wameleta masufuria, harufu ya pilipili mbichi inawasha pua mpaka barabarani. Wazee wamekaa kwenye jukwaa na kofia zao nyeusi. Miongoni mwao alikuwa mjomba wangu. Kwetu ukifanya makosa anaitwa mjomba, si baba, na mjomba wangu ana mikono mirefu. Nilisimama nyuma ya mtu mnene kuliko wote.

Vijana wakacheza. Syafwan akacheza na jamaa mmoja wa Sungai Janiah, akamtambalia, akamtia tope masikioni, watu wakapiga kelele mpaka filimbi zikanyamaza. Kisha magongo yakabadili mwendo, yakawa mazito, na uwanja ukatulia. Walimu wakongwe.

Sutan Basa aliingia kama mlango unavyofunguka, mpana, bila haraka. Babu Rajo aliingia upande wa pili, mwembamba, ndani ya suruali nyeusi iliyokuwa na nafasi ya Babu wengine wawili. Wakainama. Viganja vikagusa ardhi, vikapanda usoni, kila mmoja akimwomba mwenzake radhi kwa yatakayotokea. Mimi nami nikaomba radhi, kimoyomoyo, kwa watu wengi.

Wakaanza. Mungu wangu, wale wazee! Walizungukana kama kivuli na mti wake. Sutan akashuka, makucha ya chui yakakwangua hewa pale kilipokuwa kifua cha Babu, na Babu hakuwepo. Babu akaingia na kiwiko, Sutan akakipokea kama mtu anayepokea sahani ya wali. Tope likaruka. Pah! Suruali. Pah! "Babu! Babu!" tukapiga kelele. "Mle, Sutan!" wakajibu wa Lubuk Batuang. "Mtafune, hana mifupa!" "Ni mifupa mitupu, utajichoma!" tukawarudishia. Na katikati ya yote, kila hatua, ulimi wa Babu unatoka na kurudi. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akiuliza kama mzee ana kiu.

Kisha ukaja ule mshiko. Wote tuliujua. Mkono wa Sutan ukapita chini ya kwapa, ukapanda, ukafunga. Ukakunja. Babu akaanza kushuka kama anavyoshuka kila mwaka, goti la kwanza, goti la pili. Watu walikuwa wameshainua viganja tayari kupiga makofi. Kiganja cha Babu nacho kikanyooka kugonga ardhi.

Hakikugonga. Kilishika ardhi.

Babu Rajo alijitupa mbele, kifudifudi, kifua na uso ndani ya tope mbele ya vijiji vitano, jambo ambalo hakuna mwalimu mwenye akili zake angelifanya, kwa kuwa hakuna mwalimu anayetaka kuonekana amelala. Sutan, aliyekuwa akimshikilia mtu anayekataa kuanguka kwa miaka thelathini, ghafla akawa amemshikilia mtu aliyekwisha kuanguka. Akayumba. Na nyuma ya Babu mguu wa kushoto ukaondoka ardhini peke yake, ukazunguka, mrefu, wa chini, mzuri sana, ukapita pale palipokuwa na vifundo vya Sutan Basa. Na Sutan Basa akakaa chini. Akakaa kabisa, kwenye maji, kama mtu anayekaa kula.

Nilijikuta nimemkumbatia yule mtu mnene. Kofia zilikuwa hewani. Mpiga gongo alikuwa akipiga gongo la jirani. Syafwan alikuwa analia waziwazi, na Babu Rajo amesimama katikati, mweusi wa tope kutoka paji mpaka vidole, ulimi bado uko nje, amesahau kuurudisha.

Aliyekuwa anacheka kuliko wote ni Sutan mwenyewe, hukohuko chini. "Rajo! Miaka thelathini, mchawi wewe! Umeitoa wapi hiyo? Taja mnyororo wake!"

Nilikuwa nimesahau. Katika furaha ile nilikuwa nimesahau kabisa kwamba anayeleta hatua mpya uwanjani hutaja waliomfikishia, kwa sauti, mbele ya watu wote, ili isije ikaonekana imeibwa.

"Macho yangu yana tope," Babu akasema. "Yuko kijana aliyeipata. Naldi! Naldi yuko wapi?"

Yule mtu mnene, mwenye roho nzuri, akasogea pembeni.

Karatasi iliwekwa mikononi mwangu juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa kile huletwa kama sanda, endapo mwanafunzi atafia kwenye mafunzo. Nikaona kimekuja wakati mwafaka. Nikakohoa. Nikasoma kwa sauti niliyoitumia kwenye mashindano ya tajwidi.

"Kutoka kwa Mlinzi wa Tano, ambaye jina lake lilifichwa." Mnong'ono wa heshima. "Kwenda kwa Tuanku Kibyongo wa Mlimani. Kwenda kwa Pandeka Zainir. Kwenda kwa Pandeka Mukhtar. Kwenda kwa Pandeka Jonizar Mdogo..."

"Nani?" Sauti ya kike, kutoka kwenye masufuria. Ilikuwa ya Mama Ros, mpishi mkuu wa shule yetu. "Rudia hapo, mwanangu. Zainir nani?"

"Pandeka Zainir," nikasema, kwa sauti ndogo zaidi.

"Zainir ni mume wangu! Mukhtar si yule wa kuni? Na Jonizar Mdogo ndiye huyu hapa anaosha vyombo!" Akageukia umati, mwiko mkononi. "Jamani, mbona hiyo ni orodha ya zamu ya kusafisha vyoo? Imebandikwa ukutani tangu mwaka juzi! Mimi mwenyewe ndiye niliyeibandika!"

Kicheko cha vijiji vitano ni kitu kizito. Kilianza kwa watoto, kikapanda mianzini, kikafika jukwaani kwa wazee, na kilipofika kwa Babu Rajo kikamzunguka pande zote. Babu hakucheka. Alikuwa anaitazama ile karatasi mikononi mwangu kama mtu anayeona barua yake inachukuliwa na mto.

Sutan Basa alisimama, hacheki tena. "Nani aliyempelekea Rajo kitu hiki?"

Na Syafwan akatoka mbele. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alikuwa ameelewa yote, niliona hivyo: ukuta, ulimi, madirisha, mito. Alinitazama mara moja tu. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyempelekea, mzee," akafunga mdomo. Hakutaja jina langu. Wakaanza kumzomea. "Mtoto wa Jakarta! Mrudisheni kwao!"

Nadhani ningeweza kustahimili mikono ya mjomba. Nadhani hata zomeo ningelistahimili, kama lingekuwa langu.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikaingia kwenye tope mpaka mbele ya Babu, nikapiga magoti. "Ni mimi, Babu. Syafwan hajui kitu. Niliiandika mimi, chooni, kwa sababu alisema silek ni ngoma."

Safari hii walisikia.

"Uliiandika yote?"

"Yote."

"Na ulimi?"

"Ulimi hasa, Babu."

Tope lilikuwa linakauka usoni pake na kupasuka karibu na macho. "Kwa hiyo Kari Bandaro hakuandika."

"Hakuandika, Babu."

Mkono wake ulikuwa umeshika ncha ya kitambaa. Ukaiachia. Alionekana mdogo sana ndani ya ile suruali. Mjomba wangu alikuwa amekwisha kushuka jukwaani, nilisikia hatua zake, na Babu akainua kiganja kumsimamisha bila kumtazama.

"Na ile ya mwisho? Ya mguu? Hiyo nayo umeitunga chooni?"

"Hapana, Babu. Hiyo sikuitunga." Uongo ulikuwa umeniishia wote, ikabaki kweli tupu, nami sikuwa na mazoea nayo, kwa hiyo ilitoka vipandevipande. "Ilibaki nafasi kwenye karatasi. Nikaandika kitu nilichokiona. Kabla ya Idi, bata alikutoroka. Ukamfukuza juu ya ukuta wa bwawa, ukateleza. Ukaanguka kifudifudi. Mguu wako ukazunguka nyuma wenyewe, ukashika ukuta, nawe ukainuka. Nilikuwa dirishani. Nilicheka sana, Babu. Nikakiandika vilevile."

Mpiga gongo alikuwa ameinua fimbo yake na hajui aishushe wapi. Babu Rajo akainama. Akautazama mguu wake wa kushoto kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeketi nyumbani kwake siku nyingi bila kusalimiwa.

"Na bata?" akauliza.

"Bata alikuwa mkononi, Babu. Hukumwachia."